Nyundo na Mkuki: Nishani za Dola, Kuanzia Bweranyange

Novemba 1861, wapelelezi John Hanning Speke na James Grant waliingia ufalme wa Karagwe wakitokea Kazeh, ndiyo Tabora ya leo. Omukama, yaani mfalme, Rumanyika aliwapokea vizuri Bweranyange, makao makuu ya ukoo wa kifalme wa Bahinda. Speke aliondoka Januari kwenda Buganda. Grant, aliyesumbuliwa na kidonda cha mguu, akabaki hadi Aprili 1862.

Miongoni mwa mambo aliyoandika Speke ni jinsi Rumanyika alivyoupata utawala. Baba yake, Ndagara, alipofariki, wanawe watatu walipambanishwa kwa ngoma. Ilikuwa ndogo na nyepesi kwa umbo, lakini ilipakiwa dawa zilizoifanya nzito mno. Ndugu zake hawakuweza kuiinua, yeye akaiinua. Hata hivyo ngoma haikumaliza ugomvi, maana nduguye Rogero aliendelea kumpiga vita.

Ngoma haikuwa peke yake. Ikulu ya Bweranyange ilitunza vifaa vya heshima vya dola: mikuki, nyundo na fuawe, na ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma. Henry Morton Stanley, aliyefika mwaka 1876, aliingizwa katika nyumba ya hazina akaona pia sanamu za bata, pofu na ng'ombe zilizotengenezwa kwa shaba. Tazameni mpangilio huo kwa makini. Mkuki ni wa askari. Ng'ombe ni wa mfugaji, na nyundo ni ya mhunzi aliyetengeneza jembe pamoja na silaha. Karagwe iliweka kazi ya amani na kazi ya vita chini ya paa moja, na mtawala akajitambulisha kwa zote mbili. Mwaka 1995 watafiti Andrew Reid na Rachel MacLean waliandika kuhusu uzito huo wa chuma katika maisha ya Karagwe.

Utawala wa machifu ulifutwa Tanganyika ilipokwisha kujitawala, na heshima ya taifa ikahitaji alama mpya. Ishara kubwa ilikuwa tayari: usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliwasha mwenge juu ya Kilimanjaro. Mwenge huo ndio uliotoa jina la Nishani ya Mwenge wa Uhuru, yenye madaraja yake, ambayo Rais humvisha mtu aliyelitumikia taifa.

Kisha vita vikafika Kagera, mkoa ilimo Karagwe. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka, yakaua raia, yakapora mifugo, na daraja la Kyaka likavunjwa. Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa vita mwanzoni mwa Novemba. Askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania walipigana wakiwa pamoja na mgambo waliotoka mashambani na maofisini, na Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Wengi wa waliokufa wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, na kila Julai 25 taifa huadhimisha Siku ya Mashujaa.

Uganda nayo haikusahau. Miongoni mwa nishani zake imo iliyopewa jina la Kagera, kwa ajili ya waliopigana kumwondoa Amin. Jina hilo ni la mto unaopakana na wilaya za Karagwe na Kyerwa. Mwaka 2007 Uganda ilimtunuku Nyerere, aliyefariki mwaka 1999, Nishani ya Katonga, iliyo ya juu kabisa kijeshi nchini humo. Raia wanayo ya kwao, Nalubaale, inayotolewa kwa mchango wao katika maendeleo ya kisiasa ya nchi.

Kwa kuwa raia nao hutunukiwa, kipindi hiki kinawakumbuka wanakijiji wa Kagera waliowapokea wakimbizi wa ng'ambo ya mto mwaka 1978 na kugawana nao ndizi za migombani. Utumishi wao unastahili kuandikwa katika orodha ileile ya waliovishwa nishani, na wazee wanaoweza kuusimulia bado wapo Karagwe na Kyerwa.