Baada ya Kitambulisho, Zabuni

Hotuba kwa wafanyabiashara wadogo wa Kaunti ya Kwale



Kwa miaka mingi, mvuvi wa jamii ya Wapemba aliyezaliwa papa hapa Pwani hakuwa na kitambulisho. Bila kitambulisho hakupata leseni ya uvuvi, akaunti ya benki wala laini ya simu kwa jina lake. Samaki alivua yeye, bei akapanga mwingine. Wamakonde walianza kupewa vitambulisho mwaka 2016. Wapemba walitambuliwa rasmi mwaka 2023.

Sasa kitambulisho kilete riziki. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inatenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Katika kaunti, angalau asilimia 20 ya ununuzi ni ya wakazi wenyewe.

Sajilini biashara, pateni PIN ya KRA, kisha ombeni cheti cha AGPO. Mkija kama kikundi, asilimia 70 ya wanachama na viongozi wote watoke katika makundi hayo matatu. Cheti hakilipiwi, anayedai pesa ili akupatie ni tapeli. Wala zabuni hizi hazihitaji dhamana ya benki, mnajaza fomu ya tamko.

Ambaye bado hana kitambulisho aanze kwa chifu wake, asingoje zabuni itangazwe. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.