Klachi Inapoteleza: Jipimieni Kabla ya Kulipa

Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, katika ukumbi wa parokia



Akina mama, akina baba na ninyi vijana, nimeombwa nizungumze juu ya gari la kikundi, na hasa juu ya klachi. Huenda mmoja wenu anajiuliza: mfanyakazi wa maendeleo ya jamii na klachi, wapi na wapi? Jibu ni rahisi. Pesa zinazoingia kwa gari ni pesa za wanachama. Ni shilingi za mama anayeuza sukuma wiki na za kijana anayechimba mitaro. Gari likiharibika na kila mtu akisema lake, mara nyingi kinachovunjika kwanza si gari, bali ni kikundi.

Vikundi vingine vimenunua Subaru kuukuu yenye turbo na gia za mkono, inayovutwa na magurudumu yote manne. Waliipendea matope: wakati wa masika hupita mahali ambapo gari lingine linalala, na mgonjwa akafika hospitali. Wazee mnakumbuka Safari Rally ya mwaka 1997, Colin McRae aliposhinda akiendesha Subaru Impreza. Gari lenu ni ndugu ya lile. Lakini lile lilifuatwa na mafundi wengi wenye spea tayari. La kwenu lina ninyi tu.

1. Klachi ni nini?

Klachi hushikanisha injini na giaboksi. Upande wa injini kuna gurudumu zito la chuma, flaiwili. Katikati kuna pleti yenye utando kama wa breki. Nyuma yake kuna presha, ambayo kwa nguvu ya springi huibana pleti kwenye flaiwili. Ukikanyaga pedali, presha inaachilia. Ukiinua mguu, inabana tena. Pleti ikibanwa sawasawa, injini na giaboksi huzunguka kama kitu kimoja. Isipobanwa vizuri, injini inazunguka na pleti inabaki nyuma. Huko ndiko kuteleza.

Sasa, kwa nini gari la magurudumu manne lenye nguvu huchosha klachi? Gari linalovutwa na magurudumu mawili likizidiwa nguvu kwenye murram, tairi huzunguka bure na nguvu hupotea hapo. Kwa magurudumu manne, tairi zote zinashika chini. Nguvu haina pa kutokea. Mahali pa kwanza kukubali kushindwa ni klachi.

2. Dalili zake

Ya kwanza ni injini kulia kwa nguvu na gari lisiongeze mwendo. Tazameni mishale miwili kwenye dashibodi, wa mizunguko ya injini na wa spidi. Gia ni kama mnyororo wa baiskeli: pedali zikizunguka haraka, gurudumu nalo huzunguka haraka. Mkiwa kwenye gia ile ile, mshale wa mizunguko ukaruka kutoka 3,000 hadi 4,000, na spidi ibaki pale pale, kuna kitu kinachoteleza katikati.

Ya pili ni harufu kali ya kuungua, hasa baada ya kupanda mlima na mzigo. Ya tatu ni klachi kushika juu sana, pedali ikiwa karibu kumaliza kurudi. Hii ya tatu peke yake haitoshi, kwa sababu magari hutofautiana. Lakini ikiwa zamani ilishika chini na sasa inashika juu, angalieni.

Klachi inayoanza kuchoka haionekani mjini kwenye gia ya 1 na ya 2. Huonekana kwenye gia ya 4 au ya 5, mlimani, turbo ikiwa imeamka. Ndiyo sababu dereva mmoja atasema gari ni zima, na mwingine aseme ni bovu, na wote wawili wasiwe waongo. Msianze kulaumiana.

3. Jinsi ya kujipima

Chagueni barabara kavu, iliyonyooka, isiyo na watu, yenye mlima kidogo. Dereva awe na leseni. Mwanachama mmoja akae kando yake asome mishale, ili dereva atazame barabara.

Injini ikiisha kupata moto, ingizeni gia ya 4, mizunguko ikiwa kama 2,000. Dereva akanyage mafuta mpaka chini, asiguse klachi. Klachi nzima itafanya gari livute polepole, na mishale miwili ipande pamoja. Klachi inayoteleza itafanya mshale wa mizunguko ukimbie peke yake. Mara hiyo dereva aachilie mafuta. Rudieni mara moja tu kuhakikisha, kwa maana kila mtelezo unakula pleti.

Kuna kipimo kingine cha mafundi: gari limesimama, hendibreki imevutwa, breki imekanyagwa, gia ya 4, halafu klachi inaachiliwa taratibu. Injini inatakiwa kuzimika hapo hapo. Ikiendelea kuzunguka, klachi imekwisha. Lakini injini ikizimika, msiseme klachi ni nzima. Kipimo hiki hukamata klachi iliyoharibika sana tu. Na asisimame mtu mbele wala nyuma ya gari.

Onyo moja kubwa. Msiinue magurudumu mawili kwa jeki halafu mkaingiza gia. Magurudumu yaliyobaki chini nayo yanavuta, na gari litaruka kutoka kwenye jeki. Linaweza kuua mtu. Pia likikwama, msilivute na magurudumu mawili hewani na mawili yakizunguka chini, kwa sababu mnaharibu mitambo ya katikati. Libebwe lote.

4. Yanayofanana na klachi

Kama gari halina nguvu, lakini mishale inapanda pamoja, si klachi. Huenda ni mpira wa hewa ya turbo uliochomoka, au filta ya hewa iliyojaa vumbi.

Kama gia zinakataa kuingia na zinalia, klachi haiachilii. Hilo ni kinyume cha kuteleza. Angalieni kama mafuta ya klachi yamepungua au yameingia hewa.

Kama gari linajivuta na kugonga mnapokata kona kali, angalieni kwanza kama tairi zote nne ni za saizi moja na zimelika sawa.

5. Kwa nini imeteleza?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu anaweka pleti mpya, na baada ya miezi michache imeungua tena, kwa kuwa hakuuliza sababu.

Pleti huweza kuwa imelika kwa uzee tu. Dereva huweza kuwa na tabia ya kuweka mguu juu ya pedali akiendesha, au kushikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki. Pedali huweza kuwa imekazwa mno, haina nafasi ya kucheza, na presha haibani mpaka mwisho. Hilo hurekebishwa bila kushusha giaboksi, kwa hiyo lianze kuangaliwa. Au sili ya nyuma ya injini, au ya mbele ya giaboksi, inavuja na oili imelowesha pleti. Au kijana fulani ameongeza nguvu ya turbo kupita klachi ya kiwandani.

6. Mbele ya fundi

Giaboksi ikishushwa, wawakilishi wawili wa kikundi wawepo. Mwombeni fundi awaonyeshe pleti ya zamani. Ikiwa imelika karibu na ribiti, ni uzee. Ikiwa imelowa oili, sili ibadilishwe siku hiyo hiyo. Flaiwili ikiwa na madoa ya buluu au nyufa, ilipata moto mwingi, na pleti mpya haitadumu juu yake bila kuitengeneza au kuibadilisha. Badilisheni pleti, presha na bering ya klachi kwa pamoja, kwa sababu kazi ya kushusha giaboksi ni ile ile.

Kisha andikeni: tarehe, kilomita, kipimo kilionyesha nini, sababu, kilichonunuliwa na bei. Spea za zamani zirudi zionekane mkutanoni. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mweka hazina mwenye daftari na pleti mkononi hana haja ya kuapa. Na fundi mwaminifu hatakasirika, kwa maana naye analindwa.

Klachi mpya iendeshwe kwa upole kilomita mia chache za kwanza, bila mzigo mzito na bila kuondoka kwa fujo.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Ni nani kati yetu anayejua kusoma mishale miwili ya gari letu? Tutawafundishaje wengine?
2. Mara ya mwisho gari lilipotengenezwa, tuliuliza sababu, au tulilipa tu?
3. Je, daftari la gari lipo? Linakaa kwa nani, na linasomwa lini?