Nafasi Iliyobaki Juu ya Pistoni

Hotuba ya mafundi wa karakana mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu



 Waliotutangulia wamesema juu ya mazao, mikopo na maghala. Sisi tutasema juu ya nafasi ndogo, ipatayo ujazo wa kikombe cha kahawa ya pwani, iliyo juu ya pistoni ya trekta. Twaomba mtuvumilie, kwa maana nafasi hiyo yaweza kuamua kama shamba litalimwa kabla ya mvua au mvua itatukuta tukisukuma trekta mteremkoni.

Matrekta tunayoletewa zaidi ni Massey Ferguson 35 na 135. Ni matrekta ya umri mkubwa. Lile la 35 lilianza kutiwa injini ya Perkins ya silinda tatu mwishoni mwa mwaka 1959, na la 135 likatoka mwaka 1964. Chuma chake ni kizuri na vipuri vyake vyapatikana, basi hatuoni sababu ya kuyatupa. Injini ikichoka huifumua, tukatia slivu mpya, pistoni, ringi, beringi na gasketi, tukaisaga na kuikalisha valvu, kisha tukaifunga. Fedha inayotumika hapo ni ya wanachama, nayo si haba.

Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Hewa huingia katika silinda, pistoni ikapanda na kuibana, na kwa kubanwa huko hewa ikapata joto. Ikibanwa mara 17 hivi, joto lake kwa makisio hufika karibu na nyuzi 500 za Sentigredi, na hapo dizeli inayonyunyizwa na nozeli huwaka yenyewe. Hewa isipobanwa ya kutosha, moshi mweupe hutoka katika bomba, betri ikaisha, na dereva akaanza kutafuta watu wa kusukuma. Asubuhi ya baridi shida huzidi, maana kuta za silinda zilizo baridi hunyang'anya hewa joto lake.

Idadi ya mara ambazo hewa hubanwa ndiyo iitwayo uwiano wa kompresheni. Kwa injini hizi tunazozitaja ni kama 17 au 18 kwa 1, kwa kufuata toleo. Walakini yatupasa kuelewa kwamba tarakimu ya kitabu ni ahadi ya injini iliyotoka kiwandani. Injini iliyokwisha kusagwa, kubadilishwa pistoni na kuwekewa gasketi ya duka lolote, ina tarakimu yake yenyewe, na tarakimu hiyo haijulikani mpaka ipimwe.

Chama kimoja cha msingi kilituletea trekta lililofumuliwa katika gereji ya mjini. Kila kitu ndani yake kilikuwa kipya, na risiti zilikuwapo. Hata hivyo halikuwaka asubuhi ila kwa kusukumwa. Pampu ilikwisha kupelekwa kupimwa mara mbili, nozeli zikanunuliwa, betri ikanunuliwa, na Katibu alikuwa amechoka kuandika hundi. Tukaifungua injini, lakini kabla ya kuondoa kitu tulipima.

Twaomba wenye kalamu waandike. Kipenyo cha silinda ya injini hii ni inchi 3.6, yaani sentimita 9.144. Mwendo wa pistoni toka chini hadi juu ni inchi 5, yaani sentimita 12.7. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha kwa 0.7854, ambayo ni robo ya ile 3.1416 ya shuleni; utapata eneo la sentimita za mraba 65.7. Zidisha kwa mwendo, na jibu ni sentimita za ujazo 834. Hiyo ndiyo hewa ambayo pistoni yaisogeza katika silinda moja. Silinda tatu zafanya 2,502, ndiyo sababu injini huitwa ya lita mbili na nusu.

Sasa nafasi iliyobaki pistoni ikiwa juu kabisa. Katika injini hii uso wa hedi ni bapa, na sehemu kubwa ya nafasi ni kile kibakuli kilichochongwa katika kichwa cha pistoni. Tulipima kibakuli tukapata 41. Mashimo madogo ambamo valvu zimezama katika hedi yalikuwa 2. Gasketi iliyobanwa yenye unene wa milimita 1, na tundu la milimita 94, ingeongeza karibu 7. Jumla 50. Basi jumlisha 834 na 50, ugawanye kwa 50: jibu ni 17.7. Injini ya namna hiyo ingewaka.

Lakini pistoni zile hazikufika kwenye uso wa bloku. Zilikuwa fupi, zikasimama milimita 0.8 chini yake. Milimita 0.8 ni kitu ambacho jicho hulisamehe, ila likizidishwa kwa eneo la 65.7 latoa sentimita za ujazo 5 na robo. Tena gasketi iliyotiwa ilikuwa nene, milimita 1.6 baada ya kubanwa, nayo ikachukua 11 badala ya 7. Nafasi ikawa 59 na kitu, na uwiano ukashuka hadi 15. Kwa makosa mawili yasiyofika unene wa milimita moja na nusu yakiwekwa pamoja, injini mpya ilikuwa dhaifu kuliko kuukuu iliyotolewa. Pampu na nozeli hazikuwa na hatia yoyote. Tulitafuta pistoni za urefu uliopasa na gasketi ya kipimo chake, tukapima tena, tukafunga.

Duka lililouza pistoni zile liliandika juu ya boksi jina la injini ileile. Hatudhani walikusudia ubaya. Pistoni za matoleo mbalimbali zafanana sana, na nyingine huuzwa zikiwa bado zataka kukatwa kichwa kwa mashine ili zifikie urefu wake. Fundi asiyepima hawezi kujua ni ipi amepewa.

Kupima kwenyewe si elimu ya juu. Zungusha kranki kwa mkono mpaka pistoni ifike juu kabisa. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya bloku, upime pengo kwa filageji, au ukiwa na saa ya kupimia utumie hiyo. Pima pande zote mbili za pistoni kwenye mstari wa pini yake, kwa sababu pande nyingine huyumba. Kisha shusha pistoni kidogo, paka grisi pembezoni mwake ili mafuta yasipenye kwenye ringi, uifute grisi iliyozidi, na ujaze kibakuli kwa sindano ya hospitali, ukihesabu. Twatumia mafuta ya taa yenye tone la oili ili yaonekane. Kipande cha kioo chenye tundu dogo kikiwekwa juu, huonyesha kama kibakuli kimejaa sawasawa au kuna povu la hewa lililojificha. Sindano hiyo ni rahisi mno kuliko nozeli moja. Pima silinda zote tatu, wala usipime moja ukaziandikia nyingine; zikitofautiana, injini itatetemeka hata kama kila moja iko karibu na kitabu.

Kuna hatari ya upande wa pili pia. Bloku iliyosagwa uso mara nyingi huifanya pistoni kuchomoza, na wako mafundi wanaofurahia wakidhani wameongeza nguvu. Pistoni ikigonga hedi au valvu, hasara yake ni kubwa kuliko ya injini isiyowaka. Kwa hiyo kabla ya kufunga kabisa huweka vipande vya waya laini wa risasi juu ya pistoni, tukafunga hedi kwa gasketi yake na kwa nguvu iliyoagizwa, tukazungusha kranki kwa mkono, tukafungua na kupima waya ulivyobanwa. Unene wake ndio pengo la kweli, nalo lalinganishwa na kitabu.

Wengine watauliza: je, ile geji ya kompresheni haitoshi? Geji hupima nguvu ya hewa, na nguvu hiyo hutegemea ringi, valvu, kasi ya stata na hata mahali trekta lilipo. Katika mwinuko wa mita 2,000 nguvu ya hewa ya asili ni kama theluthi mbili na zaidi, karibu nne ya tano, ya ile ya pwani. Trekta lilelile litasoma chini Eldoret kuliko Mombasa, ilhali uwiano wake haukubadilika hata chembe. Geji ni nzuri kwa kulinganisha silinda na silinda katika injini moja, siku moja. Haiwezi kukuambia kwamba pistoni ni fupi.

Basi, Bwana Mwenyekiti, tunaleta ombi mbele ya Mkutano. Twaomba Halmashauri iagize kwamba chama chochote cha msingi kisilipe fedha ya mwisho ya kufumua injini, iwe katika karakana hii au katika gereji ya nje, mpaka fundi amekabidhi karatasi yenye vipimo kabla hedi haijafungwa: kipenyo cha kila silinda, pistoni ilipofika, ujazo wa kibakuli, unene wa gasketi, pengo la waya wa risasi, na uwiano uliopatikana. Karatasi moja ibaki kwa Katibu, nyingine kwa dereva. Twaomba pia fungu la kununulia saa mbili za kupimia, moja ikae hapa na moja izunguke vyamani katika miezi ya ukame, wakati matrekta yamepumzika na kuna nafasi ya kuyafungua bila haraka. Mfano wa karatasi hiyo tumeuweka mezani kwa Katibu Mkuu, na fundi wetu yuko tayari kuujaza mbele ya wajumbe kesho asubuhi, kwa injini iliyo wazi sasa karakanani.