RADI HAINA MWENYEWE

(Maneno aliyosema mwanachama wetu wa genge la njia ya reli, mzaliwa wa Kisii, katika mkutano wa tawi.)



Mimi si mwalimu. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, kisha nikashika sururu na mtaimbo. Lakini nimeomba nafasi niseme juu ya radi kwa sababu ya jambo nililoliona nyumbani nilipokuwa likizo.

Kwetu ni upande wa vilima vya Manga, kati ya Kisii na Nyamira. Alasiri moja mvua ilikuja, radi ikapiga mkalitusi, na ng'ombe watatu waliokuwa wamejikinga chini yake wakafa papo hapo. Kabla matope hayajakauka watu walikuwa wakiulizana, "Nani ameituma?" Likatajwa jina la mama mzee, mjane, aliyegombana na mwenye ng'ombe juu ya mpaka wa shamba. Vijana wakaanza kukusanyika. Wazee wenye busara waliwazuia, lakini yule mama alilala kwa binti yake miezi miwili kwa hofu. Ndugu zangu, sisi watu wa Kisii twajua mkusanyiko wa namna hiyo huishia wapi. Wazee wetu wamechomwa moto kwa maneno kama hayo.

Basi radi hutoka wapi? Mchana upepo wenye unyevu hutoka Ziwa Viktoria na kupanda milima yetu. Mji wa Kisii uko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ikipanda hupoa, na wingu hukua mpaka juu yake pana barafu. Humo vipande vya barafu hugongana na kusuguana, vyepesi huenda juu na vizito hubaki chini, na kila upande hushika umeme wa aina yake. Umeme ukizidi, huruka. Hiyo ndiyo radi. Hewa inapopita huwa na joto la kiasi cha digrii 30,000, hutanuka kwa ghafula, nasi twasikia ngurumo. Mwaka 1752 Benjamin Franklin wa Marekani alionyesha kwa tiara kwamba ni umeme kweli. Hakuna jogoo wala mchawi ndani yake.

Sasa nitaje makosa tuliyoyazoea.

La kwanza, twafunika vioo na kuvua nguo nyekundu. Radi haioni rangi. Hupenda kitu kirefu kilichosimama peke yake.

La pili, twasema haipigi mahali pamoja mara mbili. Jengo la Empire State kule New York hupigwa mara 20 hivi kila mwaka.

La tatu, twadhani viatu vya mpira vyatukinga. Radi iliyoruka kilomita nzima hewani haitazuiwa na soli. Hata ndani ya gari, kinachokinga ni bati linalokuzunguka, wala si magurudumu.

La nne, na hili ndilo linaloua, twaogopa kumgusa aliyepigwa. Ndugu, mwili wake haubaki na umeme. Moyo wake ukisimama, mgandamize katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mtu mwingine akimbilie msaada.

Tena twangoja mvua ianze ndipo tukimbie. Radi yaweza kupiga kilomita 10 mbali na mvua. Ukisikia ngurumo, ingia katika nyumba imara au gari lililofungwa, ukae humo mpaka dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho. Usiende chini ya mti. Nasi wa genge tuache reli, maana chuma hupeleka umeme mbali sana.

Mwaka 2011 huko Kiryandongo, Uganda, radi iliua watoto 18 na mwalimu wao wakiwa shuleni. Walikuwa chini ya paa, lakini nyumba isiyo na fimbo ya chuma na waya wa kuupeleka umeme ardhini haitoshi. Tuzikague shule za watoto wetu.

Na wale ng'ombe watatu? Umeme ulishuka mtini ukatawanyika ardhini. Miguu ya mbele ya ng'ombe iko mbali na ya nyuma, hivyo umeme hupanda huku na kutokea kule, ukipita moyoni. Hilo ndilo lililowaua. Nilimweleza mwenye ng'ombe hivyo hivyo. Hakunijibu siku ile, lakini baadaye yule mama alirudi kwake.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kamati ipeleke kwa wakubwa ombi hili: ngurumo ikisikika, genge liruhusiwe kuweka vyombo chini bila kukatwa mshahara. Nanyi mkienda likizo, semeni haya nyumbani.