Usiku wa Amri, Asubuhi ya Sheria: Urafiki wa Vijana wa Kiume Bujumbura, 1993–2009



Mhadhara wangu unawahusu vijana wa kiume wa Bujumbura waliokuwa na umri wa chuo kikuu wakati nchi yao ilipovunjika: jinsi walivyoshikamana, na jinsi baadhi yao walivyong'amua, bunduki zikilia, kwamba wanachokihisi kwa rafiki kimevuka urafiki. Nautoa nje ya Burundi. Sababu mtaiona kabla sijamaliza.

Nianze na wiki moja. Tarehe 18 Aprili 2009, Agathon Rwasa, kiongozi wa FNL, kundi la mwisho la waasi, alikabidhi silaha. Tarehe 21, FNL ikaandikishwa kuwa chama cha siasa. Vita vilivyoanza baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993 vikawa vimekwisha kweli. Kesho yake, tarehe 22, Rais Pierre Nkurunziza akatia saini kanuni mpya ya adhabu. Ilikuwa sheria njema kwa mambo mengi: ilifuta hukumu ya kifo, ikayatambua mauaji ya kimbari na mateso kuwa makosa ya jinai. Ndani yake pia mlikuwa na ibara ya 567. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Burundi, mahusiano ya kimwili kati ya watu wa jinsia moja yakawa kosa, adhabu yake kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2 na faini ya faranga 50,000 hadi 100,000, au mojawapo ya adhabu hizo.

Silaha zimewekwa chini, na siku nne baadaye kitanda cha watu wawili waliokubaliana kinaingizwa mahakamani. Sidhani kuna aliyezipanga tarehe hizo zifuatane. Lakini zimefuatana, na mwanahistoria hana budi kuuliza.

Turudi nyuma. Aliyekulia Bujumbura anajua kwamba vijana wawili wa kiume kutembea wameshikana mikono hakukuwa habari. Walikaa pamoja kwenye ligala, ile kona ya mtaa ambapo vijana wasio na kazi humaliza siku kwa maneno. Walikula mshikaki mmoja, wakavaliana mashati. Vita viliufinyanga upya urafiki huo kwa njia mbili zilizopingana.

Ya kwanza inajulikana. Mitaa ilikatwa vipande. Kufikia 1995 Watutsi walikuwa wamekimbia Kamenge na Kinama, Wahutu wamefukuzwa Musaga, Ngagara na Nyakabiga. Buyenzi, mtaa wa Waswahili na Waislamu, uliendelea kuchanganya watu ingawa nao haukuepuka risasi za Machi 1995. Makundi ya vijana kama Sans Échec yalizaliwa humohumo ligalani, na siku walizotangaza mji umekufa, aliyetoka alitoka kwa hatari yake. Kitambulisho cha Mrundi hakikuandika kabila, kwa hiyo kwenye vizuizi vya barabarani ilisomwa pua na kimo, na baada ya hapo wakasomwa wale ulioongozana nao. Ulikuwa na nani? Swali hilo liliua watu.

Gaël Faye, katika riwaya yake Petit Pays ya mwaka 2016, ameonyesha jinsi kundi la wavulana wa Kinanira linavyotafunwa na swali hilo. Lakini wavulana wake ni watoto, na kitabu kinakomea panapostahili kukomea. Kile cha waliokuwa na miaka ishirini na zaidi bado nakisubiri.

Njia ya pili haizungumzwi. Amri ya kutotoka nje usiku ilitawala Bujumbura miaka mingi, hadi ilipoondolewa mwaka 2006. Jua la Bujumbura huzama mapema nyuma ya milima ya Kongo, na kijana aliyechelewa alilala pale giza lilipomkuta: kwa rafiki, godoro moja, shuka moja. Hakuna mama aliyeshangaa; alishukuru Mungu kwamba mwanawe yu hai. Wawili waliolala hivyo walisikilizana pumzi hadi alfajiri bila kujua kama kesho ipo. Wengi wao hawakuwa na lolote ila usingizi na hofu. Wachache waligusana, au walitamani kugusana wakanyamaza, kisha asubuhi wakanywa chai kama jana. Mtu asiye na hakika ya kufika Ijumaa huacha kuahirisha mambo. Aliyesoma habari za miji mingine iliyozingirwa hatashangazwa na hilo.

Sisemi kwamba vita vilikuwa uhuru. Nasema kwamba macho yote yalikuwa yakitazama kabila, na yaliyobaki yakapita chini yake bila kuonekana.

Mfano mkubwa wa urafiki wa miaka ile uko kusini, Bururi. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 waasi waliingia seminari ya Buta wakawaamuru wanafunzi watengane, Wahutu huku, Watutsi kule. Walikataa. 40 waliuawa. Makaburi yao yamekuwa mahali pa hija, na ni haki. Nawataja kwa heshima, wala siwahusishi na jambo jingine lolote zaidi ya lile walilolifia, yaani kukataa kuachana. Ninachouliza ni kwa nini taifa linaloheshimu vijana waliokataa kuachana mbele ya bunduki lilikuwa na haraka kiasi kile, vita vilipokwisha, kuchunguza nani analala na nani.

Rai yangu ni hii. Amani ya Burundi ilijengwa kwa kugawana vyeo kati ya Wahutu na Watutsi, kwa asilimia, tangu mkataba wa Arusha wa Agosti 2000. Mpango huo ulifanya kazi kuliko wengi walivyotarajia. Lakini waliokuwa maadui walihitaji kitu cha kukubaliana nacho, na aliyekuwa rahisi kumweka nje kwa pamoja ni yule asiye na asilimia yake. Februari 2009 Baraza la Seneti lilikataa ibara ile kwa wingi mkubwa. Tarehe 6 Machi chama tawala, CNDD-FDD, kikawatoa maelfu ya watu barabarani Bujumbura kulipinga Seneti, kisha Bunge likairudisha. Raia wa makabila yote waliandamana bega kwa bega, jambo ambalo miaka kumi na minne kabla yake lisingewezekana katika barabara zilezile.

Tunaambiwa ni mila. Kenya, Tanzania na Uganda zilirithi makosa ya aina hii kutoka kwa Mwingereza. Mbelgiji hakuiachia Burundi sheria kama hiyo, na Warundi waliishi bila hiyo karibu miaka 47 ya uhuru. Rwanda ilijadili ibara ya namna hiyo mwaka huohuo wa 2009, ikaiacha.

Yaliyofuata nayapitia haraka. Human Rights Watch walichapisha mwaka 2009 shuhuda za Warundi waliofukuzwa nyumbani, waliopoteza kazi, waliopigwa mtaani. Kanuni ya 2017 ilibakiza kosa. Februari 2023 polisi walivamia semina mjini Gitega, na watu 24 wakafunguliwa mashtaka. Desemba mwaka huohuo Rais Évariste Ndayishimiye alisema hadharani kwamba wapenzi wa jinsia moja wapelekwe uwanjani wapigwe mawe. Sasa vijana wawili wakishikana mikono mtaani Bwiza, mmoja wao anaweza kuuachia mkono kabla ya kona. Ligala inatazama tena, na swali ni lilelile: ulikuwa na nani?

Wanafunzi wangu wa historia simulizi huniomba mada za utafiti. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyoundwa kwa sheria ya 2014, ilifukua mifupa na kuhesabu wafu. Waliolala godoro moja usiku ule, leo watu wazima wa miaka hamsini na kitu, haikuwauliza walichokuwa kwa wenzao. Wapo Kigali, Nairobi, Bruxelles, na wengi wapo Bujumbura, wana wake na wajukuu. Nawaambia wanafunzi waanze na walio nje. Wasiandike majina, wasirekodi sauti, wasibebe daftari kuvuka mpaka. Chini ya sheria iliyopo, maelezo ya kweli ya upendo wa mwaka 1995 yanaweza kumtia mtu matatani leo, na pamoja naye aliyeyaandika.