Matangazo ya Usharika Nayo ni Huduma

Katika sharika nyingi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ibada ya Jumapili ina sehemu inayowafanya baadhi ya waumini watazame saa: matangazo. Naamini sehemu hiyo ni kazi ya kichungaji sawa na mahubiri. Hapo ndipo husomwa nani amelazwa, nani amefiwa, jumuiya ipi itasali nyumba gani wiki hii, na akina nani wanatarajia kufunga ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa itolewe siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa. Majina ya wachumba yanapotangazwa kanisani, mwenye pingamizi halali hupata nafasi ya kusema mapema. Tangazo la msiba nalo huwafikisha wazee wa kanisa na kwaya kwa mfiwa siku hiyohiyo.

Wapo wanaolalamika kwamba matangazo ni marefu na yamejaa michango. Wana hoja, hesabu za ahadi na ujenzi zinaweza kubandikwa ubaoni. Wengine wanasema makundi ya WhatsApp yanatosha. Lakini bibi mjane asiye na simu janja hayumo humo, na ujumbe unaousoma peke yako ni rahisi kuupuuza kuliko jina lililotajwa mbele ya majirani zako wote. Wachungaji wafupishe habari za fedha, wawape nafasi wagonjwa, wafiwa na wageni. Usharika usiojua nani anaumwa hauwezi kumtembelea, hata uhubiriwe upendo kila Jumapili.