Ikishinda ni Timu, Ikifungwa ni Refa

Juma hili naomba tuzungumze habari za mtu mmoja ambaye huhukumiwa kila Jumatatu bila kuitwa mahakamani. Mtu huyo ni refa.

Ukishuka Tunduma siku moja baada ya Simba na Yanga kukutana, utaikuta kesi inaunguruma. Madereva wanaongoja zamu ya malori yao kuvuka kwenda Nakonde, wauza mchele, wabadili fedha, wote ni mahakimu. Huyu anaapa kwamba mfungaji aliotea, yule anaapa kwamba hakuotea, na wote wawili waliutazama mchezo kwenye televisheni ile ile. Nenda Mlowo, nenda Vwawa, kesi ni hiyo hiyo na mshitakiwa ni huyo huyo.

Sisemi kwamba marefa hawakosei. Wanakosea, na anayekosea kwa makusudi anastahili kufungiwa. Lakini tuitazame kazi yenyewe. Sheria inasema kuotea hupimwa pale mwenzako anapoupiga mpira, si pale wewe unapoupokea. Tena tangu mwaka 1990, mshambuliaji akiwa sawia na mpinzani wa pili kutoka mwisho, hajaotea. Maana yake mshika kibendera anatakiwa autazame mguu wa mpigaji huku, na mshambuliaji anayekimbia kule, kwa wakati mmoja. Macho ni yale yale mawili aliyopewa na Mungu.

Wapo wanaosema dawa ni mitambo ya video, ile iliyotumika katika Kombe la Dunia kule Urusi mwaka 2018. Haya, tukumbuke Pretoria, Aprili 5, 2024, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kati ya Yanga na Mamelodi Sundowns. Shuti la Aziz Ki liligonga mwamba na kudunda kwenye mstari wa goli. Mitambo ilikuwapo, lakini bao halikutolewa, na Yanga ikaaga mashindano kwa penalti 3 kwa 2. Hadi leo wapo wanaoapa kwamba mpira ule ulivuka mstari, nami sitabishana nao. Nauliza tu: katika dakika 180 za michezo miwili, wa Dar es Salaam na huo wa Pretoria, mabao mengine yalikuwa wapi? Na penalti zilizokoswa, alizipiga refa?

Sasa geuza upande wa pili. Mwaka 1986 majirani zetu wa Rungwe, Tukuyu Stars, walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Msimu wa 2013/14 Mbeya City ilipanda Ligi Kuu na kumaliza ya tatu papo hapo. Sifa zilikwenda kwa wachezaji na walimu wao, kama ilivyostahili. Hakuna aliyemwandalia refa karamu. Ni kama dereva kwenye mizani ya barabarani: mzigo ukizidi, mizani mbovu, akipita salama, hata haiangalii.

Kelele za mjini hazinitii hofu. Hofu yangu iko kwenye viwanja vya kata, huko Momba, Ileje na Mbozi, ambako hakuna uzio wala askari, na mchezo unachezeshwa na kijana aliyeazima filimbi. Mtoto anayesikia kila siku kwamba marefa wote wamehongwa, siku timu yake ikifungwa ataokota jiwe. Kijana yule akikimbizwa mara moja, harudi tena. Pasipo refa hakuna ligi, na pasipo ligi, vipaji vya Songwe vitaonekana wapi? Timu nayo, ikishamkabidhi refa makosa yake yote, itafanya mazoezi ya kusahihisha nini?

Basi kabla hujahukumu, badilisha jezi kichwani. Jiulize: lau bao lile lingekuwa la timu yangu, ningesema nini? Jibu likigeuka, ujue unatetea jezi, hutetei haki. Na kama haki imevunjwa kweli, viongozi wa timu waandike malalamiko na kuyapeleka kunakohusika. Karamu ya mawe haijawahi kurudisha bao.